MGONGO HAUNA FUNDI WA KUCHONGA

Ushauri wa Bwana Shamba

Ndugu msomaji, mwezi huu sizungumzi juu ya mbegu wala mbolea. Nazungumza juu ya mkulima mwenyewe. Mpini wa jembe ukivunjika, tunachonga mwingine. Mgongo ukiharibika, tutachonga wapi?

Mgongo wangu uliwahi kunikamata wakati wa palizi. Niliinama, nikashindwa kunyanyuka. Mganga wa zahanati alinipima, akanifundisha kunyoosha viungo na kuvuta pumzi polepole. Mazoezi hayo ni sehemu ya yoga, iliyoanza India zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Leo watu wa nchi nyingi huyafanya kwa ajili ya afya.

Zoezi la mgongo

Tandika mkeka. Piga magoti, weka viganja chini, kama mtoto anayetambaa. Toa pumzi huku ukiinua mgongo kama paka aliyeogopa. Vuta pumzi huku ukiushusha polepole. Rudia mara 10. Usijilazimishe. Ukisikia maumivu, acha.

Zoezi la pumzi

Keti wima. Weka mkono juu ya tumbo. Vuta pumzi kwa pua huku ukihesabu moja mpaka nne. Tumbo liinuke. Toa pumzi huku ukihesabu moja mpaka sita. Hivyo utapumua kama mara 6 kwa dakika. Endelea kwa dakika 5. Ukisikia kizunguzungu, pumua kama kawaida.

Faida zake

Faida haziji kwa siku moja. Fanya kila siku kwa wiki nyingi. Maumivu ya mgongo hupungua. Mawazo hutulia. Shinikizo la damu, yaani presha, hushuka kidogo.

Shika neno hilo: kidogo. Mzee mmoja wa kijiji chetu ana presha. Alianza zoezi la pumzi, akajisikia vizuri, akaacha vidonge. Asubuhi moja tulimkuta mdomo umepinda na mkono hauinuki. Tulimkimbiza hospitali. Yu hai, lakini jembe hashiki tena. Presha inaweza kupanda bila wewe kusikia lolote. Kwa hiyo kujisikia vizuri si kupona. Fanya mazoezi, na vidonge umeze. Mwenye kubadili dawa ni mganga, baada ya kukupima.

Tahadhari

Mama mjamzito aulize kliniki kwanza. Mgongo ukiuma pamoja na ganzi miguuni, au ukishindwa kuzuia mkojo, usifanye mazoezi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mwisho, tazama mpini wa jembe lako. Mpini mfupi hukuinamisha kutwa nzima, na dakika 10 za mkekani haziwezi kufuta kazi hiyo. Chonga mpini mrefu zaidi. Nyoosha mgongo kila ufikapo mwisho wa tuta.

Tukutane mwezi ujao, migongo ikiwa mizima.