Kupita bila kupewa mkono: vijana wetu wasilikimbilie kundi la juu

KWA majuma kadhaa sasa, kila tunapokutana na vijana wetu wa hapa pembezoni mwa Washington, iwe msibani, harusini au kwenye nyama choma ya Jumamosi, tunaulizwa swali moja: "Mjomba, mbona huandiki?" Wanachotaka tukiandike ni habari ya mwenzao mmoja, kijana wa miaka 26, aliyekataliwa kupandishwa kundi la juu katika siku za kuendesha magari uwanjani. Wao wameshakata shauri: kijana amebaguliwa.

Tumelifuatilia suala hili na leo tunaandika. Huenda tutakayoyasema siyo waliyoyatarajia.

Kwanza tumweleze msomaji aliyeko nyumbani. Hapa Marekani mtu wa kawaida anaweza kulipa ada, akaleta gari lake lile lile analoendea kazini, likakaguliwa, akavaa helmeti na kuingia kwenye uwanja halisi wa mbio za magari. Kwa sisi wa upande huu, viwanja vinavyotajwa sana ni Summit Point huko West Virginia na Virginia International Raceway, uwanja uliofunguliwa mwaka 1957, ukafungwa katika miaka ya 1970 na kufufuliwa mwaka 2000, wenye mzunguko mrefu wa maili 3.27. Siku hizi si mashindano. Hakuna kombe wala zawadi, na waandaaji wengi hukataza hata kujipima kwa saa. Mtu huenda kujifunza kuliendesha gari kwa kasi ambayo barabarani ingempeleka mahakamani.

Madereva hugawanywa kwa uzoefu wao. Chama cha National Auto Sport Association, ambacho kifupi chake ni NASA ingawa hakirushi roketi, kina ngazi nne. Katika ngazi ya kwanza mkufunzi hukaa kiti cha abiria. Ngazi ya nne ndiyo ya kupita huru, na ndiyo inayowatoa vijana wetu udenda. Waandaaji wengine hutumia rangi au herufi, lakini mpango ni ule ule.

Tofauti kubwa baina ya ngazi hizi ni namna ya kupitana. Katika makundi ya chini huruhusiwi kumpita mtu mpaka akupe mkono. Dereva wa mbele akiona kwenye kioo kuwa aliye nyuma ana kasi zaidi, hutoa mkono dirishani na kuonyesha upande wa kupita, kisha hulegeza mafuta kidogo ili mwenzake apite salama. Akitaka apitwe kulia, hunyoosha mkono juu ya paa. Mkono mmoja ni wa gari moja. Wa pili naye asubiri wake. Na kwa wanaoanza, hayo hufanyika kwenye sehemu zilizonyooka tu.

Kwenye kundi la kupita huru, ruhusa hiyo haipo tena. Unaweza kumpita mwenzako mahali popote, hata akiwa anafunga breki kuingia kona, na yeye anaweza kukufanyia vivyo hivyo. Jukumu la kupita salama lipo juu ya anayepita. Anayepitwa ana wajibu wa kushika mstari wake bila kuyumba na kujua kila wakati nani yuko nyuma yake.

Hapo ndipo tunapotofautiana na vijana wetu. Wao wanalitazama kundi hilo kama cheo, na wanadhani cheo hicho hutolewa kwa mwenye kasi. Kwa mtazamo wetu, kasi ndiyo sifa ndogo kuliko zote zinazohitajika pale.

Hebu tupige hesabu. Gari likiwa katika mwendo wa maili 120 kwa saa, sawa na kilomita 193, hukata zaidi ya mita 53 kila sekunde. Tuseme wewe unakwenda maili 110 na anayekuja nyuma yako anakwenda 130, jambo la kawaida kabisa pale gari dogo na gari lenye injini kubwa yanapochanganywa kipindi kimoja. Tofauti ni maili 20 tu. Usipotazama kioo kwa sekunde mbili, jamaa huyo amekwishakukaribia kwa karibu mita 18, yaani urefu wa magari manne. Mara ya mwisho ulipotazama alikuwa mbali. Sasa yuko ubavuni, nawe unaanza kukata kona.

Aidha kuna suala la mstari. Kila uwanja una njia moja iliyo bora ya kupita katika kona, na mwanafunzi hufundishwa kuifuata mizunguko mamia hadi mwili unaikariri. Kwenye kupita huru, anayepita ndiye hulazimika kutoka kwenye njia hiyo na kuingia sehemu yenye vumbi na vipande vya raba vilivyobanduka kwenye matairi. Huko gari halishiki vizuri, breki hutaka nafasi zaidi na kona inakuwa kali zaidi. Dereva aliyeujua mstari mmoja tu ni kama mtoto aliyekariri sura moja ya msahafu: ukimwanzishia katikati anapotea.

Hatusemi haya kwa kusoma vitabuni. Miaka saba iliyopita sisi wenyewe tulipandishwa kundi la juu mapema mno. Tulikuwa na kasi ya kutosha, tulijua kuzungumza na watu, na mkufunzi mmoja alituamini kuliko tulivyostahili. Siku ile ile, mchana, tulikuwa nyuma ya gari dogo la wazi. Tulipofika mahali pa kufunga breki tuliamua kuchelewesha zetu na kujichomeka upande wa ndani wa kona. Kwa akili zetu tulikuwa tumeshampita. Kumbe mwenzetu hakutuona kabisa, akakata kona kama kawaida yake. Ili tusimgonge, tulipeleka magurudumu mawili kwenye majani. Gari likazunguka mara moja na nusu, likapiga ukuta wa matairi kwa mbele na kusimama likiwa limeelekea magari yanayokuja.

Zile sekunde za kukaa mle ndani, ukiomba wanaokuja wawe wameiona bendera ya njano, ni ndefu sana.

Hakuna aliyeumia. Jioni mwenye gari lile dogo alitufuata, mzee wa makamo, hakupandisha sauti. Alisema tu, "Sikujua kama upo." Maneno hayo yalituuma kuliko matusi. Yeye hakuwa na kosa. Sisi ndio tulioingia mahali ambapo hakuwa na sababu ya kututegemea. Tulipofika nyumbani, mama watoto alilizunguka gari mara moja, akauliza kama bima italipa. Haikulipa. Sera nyingi za bima ya kawaida ya gari hapa Marekani hazigusi madhara yanayotokea uwanjani. Anayetaka kinga hununua bima maalumu ya siku hiyo. Tulilitengeneza gari kwa fedha za kodi ya nyumba, na tukaomba wenyewe turudishwe kundi la chini. Tulikaa huko mwaka mzima.

Sasa turejee kwa kijana wetu. Ametimiza siku nne uwanjani. Gari lake ni kali, mikono yake ni mizuri, na hilo hata waliomkatalia hawalipingi. Alipoomba kupandishwa aliambiwa maneno mawili tu: bado kidogo. Hakupewa sababu, hakupewa karatasi, hakuambiwa arekebishe nini. Mzungu mmoja aliyeanza naye msimu huo huo akapandishwa. Ukiyaweka hayo pamoja, ni nani asiyejiuliza?

Sisi tulioondoka makwetu kwa sababu ya kalamu tunajua kuonewa kukoje, na ndiyo maana neno hilo hatulitumii ovyo. Wala hatusemi kwamba ubaguzi haupo kwenye viwanja hivi. Tumeshawahi kuulizwa, tukiwa na helmeti mkononi, kama tumekuja kufanya usafi. Lakini tuhuma haitoshi kuwa ushahidi. Kwa hiyo tulifanya ambalo mwandishi hupaswa kufanya: tulimwomba kijana picha za kamera iliyo ndani ya gari lake, tukakaa naye sebuleni, tukazitazama kipindi kizima cha dakika 20.

Katika mzunguko wa tatu gari jeupe lilitokea kwenye kioo chake cha ndani. Likamfuata mzunguko wa tatu, wa nne na wa tano, limemkalia mgongoni. Hakutoa mkono. Mwoneshaji bendera akampepea bendera ya buluu, ile inayosema kuna mwenye kasi nyuma yako, mtazame. Hakuiona. Katika mzunguko wa sita akaipita bendera ya njano bila kupunguza mwendo. Tulisimamisha picha hapo. Alikaa kimya, kisha akasema, "Mjomba, wallahi sikumwona."

Tulimwamini. Na hilo ndilo jibu la swali lake. Aliyeshindwa kumwona mwenzake anayesubiri kwa adabu nyuma yake mizunguko mitatu, atamwonaje anayekuja bila kuomba?

Hata hivyo hatuwaachii waandaaji hivi hivi. Kosa lao ni kubwa pia. Kijana amelipa ada sawa na wengine, na "bado kidogo" si tathmini. Ukimnyima mtu daraja bila kumweleza sababu, umemwachia azitafute mwenyewe, na katika nchi hii mtu mweusi hatazitafuta mbali. Tunadhani kila mwandaaji anapaswa kuwa na masharti yaliyoandikwa, yanayosomwa na kila mtu kabla hajalipa: aone na kuitii kila bendera, awape mkono wenye kasi bila kucheleweshwa, aweze kupita kona zote nje ya mstari bora bila kupoteza gari, aache upana wa gari moja anapokuwa ubavu kwa ubavu na mwenzake. Ampime mkufunzi mmoja leo, na mwingine siku nyingine, bila ya wa pili kujua alichosema wa kwanza. Akishindwa, apewe karatasi. Hapo tuhuma za upendeleo zitapungua zenyewe, na zitakazobaki zitakuwa na cha kuthibitishia.

Wapo watakaosema tunawakatisha tamaa vijana, na kwamba sisi wa Afrika Mashariki tuna damu ya magari. Ni kweli, na tunajivunia. Safari Rally ilianza mwaka 1953. Joginder Singh aliishinda mara tatu, 1965, 1974 na 1976, na Shekhar Mehta mara tano, 1973 na kisha minne mfululizo kuanzia 1979. Tulikua tukisimuliwa majina hayo. Lakini tukumbuke kuwa katika rali magari huachiwa moja baada ya jingine, na dereva hupambana na saa, vumbi na mashimo. Uwanjani unapambana na nafsi yako huku umezungukwa na watu wengine, kila mmoja na familia yake inayomsubiri. Dereva hodari wa rali naye angelazimika kujifunza kutazama vioo.

Wengine wanasema walijifunza kupitana kwenye barabara ya Dar es Salaam hadi Morogoro, nyuma ya malori, na kwamba hakuna uwanja unaoweza kuwafundisha zaidi. Hao ndio tunaowaogopa kuliko wote. Kule mtu hupita kwa kubahatisha na kupiga honi, akitegemea kuwa wa mbele atajibana. Tumezika wengi kwa mtindo huo. Tusiulete huku na kuuita ujuzi.

Ushauri wetu kwa vijana ni huu. Chukua siku nzima usimpite mtu yeyote. Kazi yako iwe kuwaona wanaokuja na kuwapa mkono kabla hawajakukaribia. Siku nyingine, mwombe mkufunzi akae nawe, uzunguke nje ya mstari bora mizunguko yote. Fedha unayotaka kuongezea nguvu za injini iweke kwenye breki. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi joto 230, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho huweza kushuka hadi 155, na yakichemka kanyagio huzama hadi chini bila gari kusimama. Yabadilishe kabla ya kwenda uwanjani. Nunua bima ya siku. Ukishafanya hayo ndipo ukaombe kupandishwa, na ukikataliwa omba sababu kwa maandishi. Wakikunyima maandishi, njoo kwetu. Hapo tutaandika, na tutaandika kwa wino mzito.

Kijana wetu amekwishaituma barua yake ya kuomba tathmini mpya ya wakufunzi wawili. Amejiandikisha kurudi uwanjani katika kundi lile lile la chini, na ametuomba tukae naye asubuhi ile kabla ya kipindi cha kwanza. Tumekubali. Kiti cha abiria ni chetu, na kazi tuliyopewa ni moja tu: kumuuliza kila baada ya kona, "Nani yuko nyuma yako?"