Wasomi warudi mitaani na majibu

Ndugu Mhariri,

Nataka kutoa maoni yangu juu ya mipango ya Jiji la Dar es Salaam. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, Mkoa wa Pwani. Huenda msomaji akauliza, mwalimu wa kijijini ana haja gani na mambo ya jiji? Jibu langu ni kwamba watoto ninaowafundisha wakimaliza shule wengi hawabaki hapa. Huenda kupanga vyumba Mbagala, Tandale na Manzese. Mitaa hiyo ikiwa mibaya wanaoumia ni watoto wetu.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Yaani kwa miaka kumi wameongezeka zaidi ya milioni moja. Jiji lilitengenezewa ramani kuu 1949, 1968 na 1979, lakini watu hawakungoja ramani. Walijenga pale walipopata kiwanja, na leo sehemu kubwa ya wakazi inaishi katika mitaa iliyojengwa kabla ya kupimwa.

Wapo wanaosema kosa ni la wakazi hao. Mimi sikubaliani nao. Mtu aliyenunua kiwanja chake mbele ya mashahidi na mjumbe alikuwa akitafuta pa kulala yeye na watoto wake. Tatizo ni kwamba wenye ramani hawakuujua mtaa, na wenye mtaa hawakuijua ramani. Hapo ndipo vyuo vyetu vinapohitajika, na tayari ipo mifano ya kujifunza.

Mfano wa kwanza ni Hananasif, Kinondoni. Kuanzia 1994 wakazi wa hapo, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na wataalamu wa chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu Ardhi, walijenga mitaro na barabara za mtaa wao. Kazi ilifanywa na wakazi wenyewe kwa ujira, na walikuwa na chama chao cha maendeleo cha kuisimamia.

Mfano wa pili ni Tandale. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walipita vichochoroni pamoja na vijana wa mtaa, wakachora ramani ya njia, visima, vyoo na mitaro. Kuanzia 2015 kazi ya namna hiyo ilienea katika kata nyingine nyingi kwa jina la Ramani Huria, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nao wakashiriki. Mwanafunzi alishika chombo cha kupimia, mkazi akamwonyesha maji yanapita wapi na masika hufika kimo gani ukutani. Habari ya namna hiyo haionekani katika picha iliyopigwa kutoka angani. Ni lazima aulizwe aliyelala hapo usiku wa mvua. Tukumbuke kwamba mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini.

Lakini, Ndugu Mhariri, ramani ni kama panga. Hulima shamba na hukata mtu. Ramani inayoonyesha mahali maji yanapofika yaweza kumletea mkazi mtaro, na yaweza kumletea alama ya X ukutani. Desemba 2015 nyumba za bondeni Mkwajuni, Kinondoni, zilibomolewa, na watu wakalala nje na vyombo vyao. Sisemi watu waachwe bondeni, maana maji hayana huruma. Nasema mkazi anayetoa habari za nyumba yake ana haki ya kujua zitatumiwa kwa kazi gani. Asipoambiwa, safari nyingine atafunga mlango, na mtaalamu atachora ramani ya uongo.

Kwa upande wa Bonde la Msimbazi, mwaka 2018 ilifanyika mikutano iliyokutanisha Serikali, wataalamu na wakazi, na mpango ukatokana na mikutano hiyo. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa kazi hiyo. Utaratibu wa kukutana kwanza ndio unaofaa, hata kama si kila mtu atatoka ameridhika.

Mimi nina dada yangu aliyepanga chumba Temeke, karibu na Mto Kizinga. Nilipokwenda kumjulia hali wakati wa masika alinionyesha alama ya maji ukutani, juu ya kitanda. Nikamwuliza kama yupo aliyekuja kuipima. Akasema walikuja vijana wenye karatasi, wakauliza maswali asubuhi nzima, wakaondoka, na mpaka leo hajui walichoandika. Mkutano wa mtaa ulipoitishwa, walioitwa ni wenye nyumba. Yeye mpangaji alikuwa sokoni akiuza samaki.

Mwalimu Nyerere alitufundisha kwamba msomi ni mfano wa mtu aliyepewa chakula cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda kuleta msaada. Asiporudi na msaada huo ni msaliti. Basi nashauri haya. Kila utafiti unaofanywa mtaani urudishwe katika ofisi ya serikali ya mtaa kwa Kiswahili, ubandikwe ukutani mahali ambapo kila mtu atausoma, kwani kitabu cha Kiingereza katika maktaba ya Mlimani hakimsaidii mama wa Mbagala. Wanafunzi wa chuo warudishwe katika mtaa ule ule mwaka hadi mwaka, ili ionekane kama mtaro uliochorwa umechimbwa. Na mikutano ifanyike jioni au Jumapili ili wapangaji nao wapate kusema.

Huku kwetu watu wa mjini wameanza kununua mashamba na kuweka mawe ya mipaka. Baada ya miaka michache kijiji hiki kitakuwa mtaa wa Dar es Salaam. Kwa hiyo nimewapa wanafunzi wangu wa darasa la sita kazi ya kuchora ramani ya kijiji: kisima, njia ya kwenda shule, na bonde ambalo hujaa maji masika. Nimeitundika darasani. Mtaalamu atakapokuja kutupimia, nitamwomba aanze kwa kuitazama.

Ni hayo tu, Ndugu Mhariri.

Mwalimu wa Kijijini,
Mkoa wa Pwani.