Mchezaji Akiuzwa, Gazeti Lauza Nini?

Kuna methali ambayo wambeya wameifanya ngao: "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Mkanye mtu asieneze uvumi, atakutupia methali hiyo usoni, kisha aendelee na maneno yake. Leo nataka tuitazame kwa kisa kilichotokea mbali na kwetu, katika mji wa New York huko Marekani, mwaka 1977, katika mchezo wa besiboli ambao wengi wetu hapa pwani hatuuchezi wala hatuufuati. Nimekichagua kwa makusudi. Tukizungumza juu ya Gor Mahia na AFC Leopards, hasira hututangulia kabla ya akili. Katika ugomvi wa watu wa mbali, kila mmoja wetu aweza kuwa kadhi.

Kwa asiyeujua, besiboli huchezwa na watu tisa kila upande. Katikati ya uwanja husimama mtupaji, ambaye kazi yake ni kumrushia mpira mtu wa upande wa pili aliyeshika gongo, na kumrushia kwa ufundi hata asiweze kuupiga. Timu yenye mtupaji hodari ni kama jahazi lenye nahodha anayejua miamba yote. Na timu ya Mets ya New York ilikuwa na nahodha wa namna hiyo. Jina lake Tom Seaver.

Mets ilianzishwa mwaka 1962, na kwa miaka saba ya mwanzo ilikuwa kichekesho. Katika ligi ya timu kumi, kila mwaka ilimaliza ya tisa au ya kumi. Seaver aliingia mwaka 1967, na mwaka 1969 timu hiyo hiyo ikawa bingwa wa Marekani nzima, naye Seaver akiwa ameshinda michezo 25 katika msimu mmoja. Mara tatu, mwaka 1969, 1973 na 1975, alipewa tuzo ya Cy Young, ambayo hupewa mtupaji bora kuliko wote katika ligi. Haishangazi basi kwamba watu wa New York walimpenda kama mtoto waliyemlea wenyewe.

Sasa sikiliza fitina ilivyoingia.

Kwa miaka mingi mchezaji wa besiboli hakuwa na kauli juu ya nafsi yake. Timu ilimmiliki. Ikitaka, ilimbadilisha kwa mchezaji mwingine wa timu nyingine, mtu kwa mtu, kama wafanyavyo wachuuzi wabadilishanapo mali kwa mali. Mwaka 1969 mchezaji mmoja Mweusi, Curt Flood, alikataa kubadilishwa namna hiyo, akapeleka shauri mahakamani. Mwaka 1972 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua dhidi yake. Lakini mwishoni mwa mwaka 1975 mwamuzi wa migogoro, Peter Seitz, akatoa uamuzi uliovunja kamba hiyo, na wachezaji ambao mikataba yao ilikwisha wakaanza kwenda watakako. Mishahara ikapanda upesi. Seaver, ambaye alikuwa ametia sahihi mkataba mpya mapema mwaka 1976, akaona watu wasiomfikia kwa kazi wanampita kwa malipo. Akaomba mkataba wake utazamwe upya. Akailaumu pia timu kwa kutotaka kununua wachezaji wapya wa kuiinua.

Mwenyekiti wa Mets wakati huo alikuwa M. Donald Grant, mtu wa soko la hisa, na maombi hayo hakuyapenda. Huo ni ugomvi wa kawaida wa mwajiri na mwajiriwa, na kila upande una hoja zake. Lau ungeachwa kati yao, pengine ungekwisha. Lakini mwandishi Dick Young wa gazeti la Daily News akajitia ndani. Siku baada ya siku aliandika kwamba Seaver ni mtu asiyetosheka na asiyeheshimu mkataba wake. Kufikia tarehe 15 Juni 1977, siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji kwa mwaka huo, Seaver na mwenye timu walikuwa wamekaribia kupatana. Siku hiyo hiyo Young akatoa makala ambamo alidokeza kwamba kinachomuuma Seaver ni kuona rafiki yake Nolan Ryan, aliyewahi kuwa mwenzake katika Mets, analipwa zaidi yake, tena wake zao ni marafiki.

Msomaji, nakuomba usimame hapo kidogo. Jina la mke wa mtu, ambaye hakutupa mpira wala kutia sahihi mkataba, liliingizwa katika ugomvi wa mishahara na kusomwa na mji mzima. Nami kwa sababu hiyo sitalitaja hapa. Sisi tuliolelewa katika mitaa ambamo mtu hugonga mlango na kupiga hodi mara tatu, na asipoitikiwa hurudi alikotoka, twajua vizuri maana ya kitendo hicho. Lakini faida ya kisa hiki ni kwamba hata huko New York, mji tunaoambiwa kwamba hauna haya, watu walijua kwamba mpaka umevukwa. Seaver alipoarifiwa yaliyoandikwa, aliyavunja mazungumzo papo hapo na kutaka aondolewe. Usiku ule ule akapelekwa timu ya Cincinnati, na Mets ikapokea wachezaji wanne wasio na sifa kama yake: Pat Zachry, Doug Flynn, Steve Henderson na Dan Norman.

Kesho yake alipokuwa akiwaaga waandishi, alitaka kusema neno juu ya mashabiki, machozi yakamshinda. Akaomba daftari la mwandishi mmoja, akaandika alichoshindwa kukitamka.

Je, mashabiki nao walifanya nini? Hapa ndipo nilipotaka tufike.

Lisemekane la haki: wako waliomwamini Young. Kwa mtu anayeamka alfajiri kwenda kazini na kurudi na ujira mdogo, ni vigumu kumhurumia mtu anayelipwa maelfu kwa maelfu ya dola kwa kutupa mpira, halafu asema hayamtoshi. Kadhalika Young hakuwa mwandishi wa ovyo. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza kushuka hadi chumba cha wachezaji kuwauliza wenyewe, badala ya kukaa juu na kuandika ya kubuni. Na Mets ilipoanza, yeye ndiye aliyewapigia debe mashabiki wake wapya. Lakini kulikuwa na jambo ambalo wasomaji wengi hawakulipuuza: mkwewe mwandishi huyo alikuwa na kazi katika ofisi ya timu ile ile ambayo mwenyekiti wake alikuwa akimtetea. Sisemi kwamba aliandika kwa ajili hiyo, kwani ya moyoni ayajua Mola. Nasema kwamba shahidi mwenye nasaba na mmoja wa wenye kesi hatoi ushahidi kabla ya kulitangaza hilo.

Mashabiki wa New York hawakuhitaji kufundishwa haya. Tarehe 21 Agosti 1977 Seaver alirudi katika uwanja wa Shea akiwa na jezi ya Cincinnati, mgeni katika nyumba aliyoijenga. Watu zaidi ya 46,000 walikuja, na walimshangilia yeye, adui wa siku hiyo, kuliko walivyowashangilia watu wao. Aliwafunga 5 kwa 1. Baada ya hapo wakaanza kutokuja. Mwaka 1976 uwanja ule ulipokea watu karibu milioni moja na nusu. Mwaka 1979 haukufikisha laki nane. Uwanja ukapewa jina la utani, "Kaburi la Grant", kwa kufananisha na kaburi mashuhuri la rais wa zamani wa Marekani mwenye jina hilo, lililomo mji huo huo. Timu ikashika mkia mwaka 1977, 1978 na 1979. Grant akaondolewa mwishoni mwa mwaka 1978, na mwaka 1980 timu yenyewe ikauzwa.

Sidai kwamba yote hayo yaliletwa na makala moja. Timu inayofungwa kila siku hupoteza watu kwa kufungwa kwake. Lakini nadai hili: mashabiki waliambiwa na gazeti lenye nguvu kwamba wamchukie mtu, nao wakapima maneno hayo kwa miaka kumi waliyomtazama kwa macho yao, wakayaona mepesi. Waliambiwa ni mlafi. Wao walimjua kwa kazi yake. Gazeti laweza kumpa msomaji habari asiyoijua, lakini likitaka kumbadilishia anayoyajua, litashindwa, na aibu itakuwa yake.

Na siku nazo zina ulimi. Huko Cincinnati, tarehe 16 Juni 1978, mwaka mmoja baada ya kilio kile, Seaver alicheza mchezo ambao hakuna hata mpigaji mmoja wa upande wa pili aliyeweza kuupiga mpira wake na kufika salama kituo cha kwanza kwa pigo hilo. Alimaliza maisha yake ya mchezo na ushindi 311, na mwaka 1992 akachaguliwa kuingia katika Jumba la Mashujaa wa besiboli kwa karibu kura zote. Alifariki mwaka 2020, na mwaka 2022 sanamu yake ikasimamishwa mbele ya uwanja mpya wa Mets. Ama Dick Young, aliyewahubiria wachezaji kwamba mkataba ni mkataba, mwaka 1982 alihama gazeti lake akaenda kwa mshindani, New York Post, hali mkataba wake ulikuwa haujesha. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Nayasema haya kwa sababu nasi tumo katika pwaa hilo hilo. Kila msimu wa usajili, vijana wetu barazani hawalali kwa habari za nani ahama na kwa bei gani, kutoka Nairobi hadi London, na siku hizi habari hizo huwafikia mkononi kabla ya chai ya asubuhi. Nyingi hazina mwenyewe. Mchezaji huitwa msaliti kabla hajafungua kinywa, na ya nyumbani kwake huchanganywa na ya uwanjani. Wapo waandishi wenzangu wanaodhani kazi yao ni kuwa tarumbeta ya kiongozi wa klabu anayewapa soda na habari za faragha. Wajue kwamba msomaji ahesabu.

Kwa msomaji nina maneno machache. Ukisoma kwamba fulani ni mlafi, uliza: nani alipwa nini, na mkataba wasemaje? Uliza mwenye kusema ana nasaba gani na wenye ugomvi. Na ukiona khabari imeingia ndani ya nyumba ya mtu, kwa mkewe na wanawe, jua kwamba hoja za uwanjani zimekwisha. Lisemwalo huenda lipo. Lakini aliyelisema naye yupo, na ana haja yake. Mchunguze yeye kwanza.