Bahari ya Kipini Inaanzia Garsen

Utalii wa Pwani ya Kenya ukizungumzwa, Kaunti ya Tana River hutajwa kwa masikitiko. Malindi ina hoteli, Lamu ina hoteli, na katikati yake umelala ufuo mrefu wa Ghuba ya Ungwana ambao mgeni huupita angani kwa ndege, au kwa basi la Lamu lisilomshusha. Penye miti hapana wajenzi, watu husema. Dawa nayo inajulikana: lami, usalama, mwekezaji, kisha viwanja vya ufuoni vigawanywe ili Kipini, mji mdogo wa ufuo huo, iwe Malindi ya pili na lango la kuendea visiwa vya Lamu. Wengi wanaoyasema haya barazani na mikutanoni wanaipenda Tana kwa dhati. Naipenda pia, na kwa sababu hiyo nasema wameanzia pasipo.

Haki yao niwape kwanza. Ukosefu wa usalama uliwafukuza wageni kweli. Septemba na Oktoba 2011 watalii walitekwa Kiwayu na Manda, huko Lamu. Julai 2014 kituo cha polisi cha Gamba, ndani ya Tana River yenyewe, kilishambuliwa wiki chache baada ya mauaji ya Mpeketoni. Baada ya hapo serikali za Ulaya zikawa zinawaonya raia wao wasikanyage huku. Na barabara ya Garsen kwenda Lamu, iliyokuwa vumbi kiangazi na tope masika, imetiwa lami, jambo ambalo hakuna msafiri wa njia ile atakayelibeza. Lakini Novemba 2023 mto ulipofurika uliikata barabara hiyohiyo hapo Gamba na Lango la Simba, mabasi yakakwama, na Lamu ikatengwa na bara. Lami ilikuwa mpya. Maji yalikuwa yaleyale yaliyokuwa yakipita pale tangu zamani, na hayakuulizwa wakati barabara inachorwa.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Utalii wa bahari katika Tana hupangwa kana kwamba bahari inaanzia mchangani. Inaanzia mtoni, na atakayetaka kuipanga aanzie Garsen na kwenda juu.

Itazameni bahari yenyewe. Malindi na Watamu zimejengeka juu ya miamba ya matumbawe: maji meupe, samaki wa rangi, mtu anavaa miwani na kuzamisha uso. Ghuba ya Ungwana haina mwamba wa namna hiyo. Tana husafiri takriban kilomita 1,000 kutoka Mlima Kenya na safu za Aberdare, na kila masika humwaga tope lake hapo, wakati upande wa kusini mto Sabaki nao unamwaga lake. Matumbawe hutaka mwanga na maji ya chumvi. Palipo na tope na maji baridi ya mto hayaoti. Kwa kuwa hakuna mwamba wa kuvunja mawimbi, kusi likivuma bahari hupiga ufuo moja kwa moja. Mgeni aliyeahidiwa Watamu nyingine atafika Kipini akute maji ya rangi ya chai ya maziwa, na atakuwa na haki ya kudai pesa zake.

Sasa, tope hilo ndilo mali. Kamba jike hutaga mayai baharini. Watoto wake, wadogo mno, huchukuliwa na maji kujaa mpaka ndani ya mikoko, wakajibanza kwenye mizizi mahali ambapo maji ya mto na ya bahari yamechanganyika, chumvi si kali na samaki wakubwa hawapenyi. Huko hula na kukua kwa miezi. Wakikomaa hutoka na maji kupwa kuelekea ghubani, na huko ndiko wavuvi wa Kipini na Ngomeni huwangojea. Ungwana ndiyo ghuba ya kamba ya Kenya kwa sababu hiyo: kuna mto, kuna mikoko, kuna tope. Meli za kukokota nyavu zilikuja kuwafuata kamba hao hadi karibu na ufuo, zikiburuta nyavu za wavuvi wadogo na kutupa samaki wachanga, mpaka serikali ikazisimamisha mwaka 2006. Ziliruhusiwa tena mwaka 2011 kwa masharti, zikae zaidi ya maili 3 za baharini kutoka ufuoni na zisivue kuanzia Novemba hadi Machi. Miezi hiyo ndiyo ya kaskazi, bahari imetulia, na ndiyo miezi ya wageni. Mpangaji mwenye macho angeona hapo kwamba mvuvi na mgeni wamepewa msimu mmoja, akaanza kupanga kuanzia hapo. Badala yake tunaletewa michoro ya mabwawa ya kuogelea.

Malindi yenyewe, tunayotamani kuiga, inatuonya. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, na mipaka yake ikachorwa majini. Udongo wa Ukambani haukuijua mipaka hiyo. Ulishuka na Sabaki mwaka baada ya mwaka, ukatia wekundu maji ya Malindi na kusukuma ufuo mbele, hata mchanga ukarundikana mbele ya majengo yaliyojengwa yatazame bahari. Ulinzi wote wa baharini haukuweza kuzuia kilichoanzia mashambani, mamia ya kilomita juu.

Tana tatizo lake ni jingine: maji yanapungua au yanakuja bila majira. Mabwawa ya umeme ya Seven Forks, na hasa Masinga iliyokamilika 1981, yalipunguza mafuriko ya kila mwaka ambayo Wapokomo walipandia mpunga na Waorma walingojea nyasi zake. Sasa kuna mpango wa High Grand Falls, bwawa kubwa kuliko hayo yote. Nguvu ya mto ikipungua, bahari hupanda. Katika Ozi, karibu na mdomo wa mto, maji ya chumvi yameingia mashamba ya mpunga na kukausha miembe. Mkulima wa pale akikuonyesha mwembe uliokauka ukingoni mwa mto unaoendelea kupita, umeelewa shida ya delta nzima. Chumvi hiyohiyo ikizidi itabadilisha mikoko, na mikoko ikibadilika, kamba hana kitalu. Hoteli ya Kipini inaweza kuharibiwa na uamuzi uliofanywa Nairobi kuhusu umeme, na mwenye hoteli asijue kilichompata.

Kisha kuna watu. Kiangazi kikali mifugo hushuka deltani kutoka mbali, na hufika majini kwa njia zinazoitwa malka, zinazopita katikati ya mashamba ya Wapokomo. Malka ikizibwa, ng'ombe wataingia shambani. Shamba likiliwa, vijana watatoka na silaha. Agosti 2012 katika kijiji cha Riketa waliuawa zaidi ya watu 50, wengi wao wanawake na watoto, na damu iliendelea kumwagika hadi mwaka uliofuata. Mauaji yale hayakuzuka hewani. Miaka iliyotangulia delta ilikuwa imegombaniwa na wakubwa: mradi wa miwa wa kampuni ya Mumias na shirika la serikali la TARDA wa hekta 20,000, ombi la Qatar la hekta 40,000 za kulima chakula, na kampuni za mbegu za mafuta. Kila aliyekuja alikuta ramani inayosema ardhi ni tupu.

Mtu atasema utalii si miwa. Kweli, lakini ua ni ua. Kiwanja cha ufuoni chenye ukuta huziba diko la wavuvi kama vile shamba la miwa linavyoziba malka, na mvuvi asiye na pa kupandisha mashua yake hana tofauti na mfugaji asiye na pa kunyweshea.

Bahati njema Tana haianzi na karatasi tupu. Mwaka 2012 delta iliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu, hekta 163,600. Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliamuru mipango ya ardhi ya delta iandaliwe kwa kuwashirikisha wakazi. Mwaka 2015 ukatoka Mpango wa Matumizi ya Ardhi wa Tana Delta, ulioandaliwa pamoja na vijiji na kuvuka mpaka wa kaunti za Tana River na Lamu. Mpango wa utalii ungekuwa sura moja ndani ya huo, ukipitia kwa wazee wa Gasa upande wa Wapokomo na wa Matadheda upande wa Waorma. Ukiandikwa kando, na watu wa mbali, utazaa ugomvi ambao wazee hao ndio watakaoitwa kuusuluhisha.

Na cha kuonyesha kipo, ila si cha Malindi. Kuna viboko na mamba, na makundi ya korongo wanaozaliana kwenye miti iliyozungukwa na maji. Kuna ndege mdogo wa matete anayezaliana kwenye vinamasi vya Iraki na kuja huku baridi ikianza kwao. Juu zaidi, kwenye hifadhi iliyoundwa 1976, wako kolobasi wekundu wa Tana, wasiopatikana popote pengine duniani. Karibu na Kipini yapo magofu ya Ungwana na masimulizi ya shujaa Fumo Liyongo, ambayo wazee huyataja kama habari za jirani. Chumbe, kule Unguja, imelinda mwamba wake tangu 1994 kwa vibanda 7 tu vya wageni. Chumbe haina vijiji, kwa hiyo haiwezi kuigwa Tana nzimanzima, lakini inathibitisha kwamba udogo unaweza kulipa gharama za ulinzi. Njia za mbao za mikokoni za Wasini na Mida, zinazoendeshwa na wenyeji, ziko karibu zaidi na tunachohitaji.

Pingamizi kubwa ni kwamba hayo ni madogo, na vijana wa Garsen hawana kazi leo. Ni pingamizi la haki. Lakini hoteli ya ufuoni haiwaajiri vijana wa Garsen. Huleta wapishi na mameneja kutoka kwingine na kuwaachia wenyeji ulinzi wa lango. Mtumbwi ni wao, mto wanaujua, na kaskazi ijayo inaweza kuwakuta tayari wakiwa na waongozaji waliofunzwa majina ya ndege, bei moja iliyokubaliwa kati ya Garsen, Ozi na Kipini, na fungu la kijiji likisomwa hadharani. Viwanja vya ufuoni vingoje mpaka vijiji viandikishiwe ardhi yao chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Na kabla zege la High Grand Falls halijamwagwa, serikali iandike ni maji kiasi gani yatafunguliwa kwa ajili ya delta, na katika miezi ipi.