Afya ya Nyumbani: Mwacheni Mzee Afunge Vifungo Vyake

Pengine nanyi hapo Mavivi mnaye nyumbani mzee afichaye mkono mmoja mfukoni kila ajapo kati ya watu. Mkono ule unatetemeka, naye amekwisha kusikia minong'ono: huyu asema ni pombe, yule asema amerogwa.

Huenda ni maradhi ya Parkinson, yaitwayo kwa jina la mganga wa London aliyeyaeleza mwaka 1817. Chembe fulani za ubongo zitengenezazo dopamini, ambayo husaidia kuongoza mwendo wa viungo, hufa kidogo kidogo. Basi mwendo huwa mdogo na wa polepole, hata mwandiko hupungua mpaka herufi zafanana na sisimizi. Mara nyingi mkono hutetemeka ukitulia magotini, na hupungua ukishika kazi. Maradhi haya hayaambukizi. Waganga waliowatafuta wagonjwa katika wilaya ya Hai, Tanzania, walieleza mwaka 2008 kwamba walipata 33, na wengi wao walikuwa hawajaambiwa kamwe jina la ugonjwa wao.

Wakubwa kati yenu wamkumbuka Muhammad Ali, aliyemshinda George Foreman pale Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974. Mikono ile! Mwaka 1984 ilijulikana kuwa ana maradhi haya. Hata hivyo mwaka 1996 aliwasha moto wa Olimpiki huko Atlanta, mkono ukitetemeka mbele ya dunia nzima, wala hakuuficha.

Sasa niwaambie watoto wema jambo lisilowapendeza. Binti amfunga baba vifungo, mjukuu amshikia kijiko, kwa kuwa mzee achukua robo saa nzima. Ni upendo, lakini wamnyang'anya mazoezi yake. Mwaka 2017 watafiti wa Uswisi walitangaza habari za wagonjwa waliozoeza vidole nyumbani nusu saa kwa siku, siku 5 kila juma, kwa majuma 4: vidole vyao vilipata wepesi zaidi.

Hakuna chombo cha kununua. Apewe maharagi ayamenye, punje za kakao azichague, donge la unga alikande na kulifinya kwa kila kidole. Kwanza afungue kiganja wazi kabisa, kisha akunje ngumi, mara kumi. Afanye jambo moja tu, bila kuzungumza. Kwake mambo mawili pamoja ni mengi mno. Hata punje za rozari ni kazi njema ya vidole. Nanyi wanafunzi, mwazimeni babu daftari yenye mistari, aandike herufi kubwa zenye kujaza mstari, nanyi mkimkumbusha: «Kubwa, babu, kubwa!»

Tangu 2014 mauaji katika eneo la Beni yamewatoa wengi mashambani, na mzee akaaye uani kutwa bila kazi hukakamaa upesi.

Mazoezi hayaondoi haja ya dawa. Mpelekeni kwa mganga. Akipewa levodopa, azoeze mikono saa ile dawa inapofanya kazi, wala asiiache ghafula.

Vifungo vikimshinda kabisa, panueni matundu ya shati, au shoneni vifungo vikubwa. Na kikombe chake cha chai kiwe na mkono mpana, kisijazwe mpaka ukingoni. Nusu yatosha, ataongezewa.