Usijaze patisheni ya kurejesha mfumo hadi pomoni

Wasee wa lapi, kwa diski yako kuna kona imefichwa: patisheni ya kurejesha mfumo. Windows ikigoma kuwaka, hapo ndipo unaingilia kuifufua. Wajuaji huongeza programu zao humo, za kuokoa faili na kupima diski. Idea poa, flash ikipotea bado uko na msaada.

Noma iko kwa nafasi. Januari 2024, Microsoft ilitoa apdeti KB5034441 kuziba tundu ambalo mwizi aliyeshika mashine yako angetumia kuruka BitLocker, kufuli ya diski. Mashine kibao zilitema kosa 0x80070643 tu, bila kutaja nafasi. Kumbe patisheni ilihitaji MB 250 za bure, na hazikuwepo.

Ni hivi: kila programu unayorundika hapo inaweza kukunyima kiraka cha usalama kesho. So, fungua Command Prompt kama admin, andika reagentc /info, uone kama hiyo patisheni iko na imewashwa. Hifadhi faili zako kando kwanza, ongeza unachohitaji tu, na uache hizo MB 250 au zaidi.

Na flash usitupe. Diski ikikufa, inakufa na patisheni yake.