Zungusha Betri Kwanza

"Tupa hiyo mzee, chukua mpya, 25,000 tu." Niliambiwa hivyo Nyasho, Musoma, na kijana ambaye hata hakukigeuza kiredio changu cha memori akaona mgongo wake. Kinazima nikiongeza sauti, basi kimekufa!

Nikapanda gari hadi Bunda. Fundi mmoja karibu na stendi akafungua kifuniko, akachomoa betri, akailaza mezani na kuizungusha kwa kidole. Ikazunguka kama pia. Betri nzima hugoma kuzunguka. Iliyovimba tumbo hucheza. Ilikuwa BL-5C, ile ile ya simu za zamani za Nokia. Akaweka nyingine, akagusa kwa risasi tundu la chaji lililolegea, nikalipa 5,000. Sasa wanaolalamika ni majirani.

Hiyo mpya ya 25,000 ina nini ndani? Betri ile ile na tundu lile lile, limeshikwa kwa risasi ya kulipua! Na sasa wanatuletea vingine vilivyofungwa kwa gundi, betri imezikwa ndani kama maiti. Hicho si kiredio, ni kodi unayolipa kila kikizima.

Na tunailipa kodi hiyo Mara, mkoa ambao Butiama yake imemlaza Mwalimu, aliyetangaza kujitegemea mwaka 1967! Enzi zake kiwanda cha Matsushita, Dar es Salaam, kilitoa redio za National, na bisibisi moja ilitosha kuzifungua. Leo bisibisi tunayo, pa kuingiza hatuna.

Sikatai, vingine havitibiki. Bodi ikiungua, au maji ya ziwa yakiingia na kutu ikala kila kitu, nunua, usimsumbue fundi. Ila mwachie mzoga: spika yake itafufua kingine.

Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mwaka 2023: kuanzia Februari 2027, betri za vifaa vidogo kama hivi ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Wazungu wenye hela wamechoka kutupa, sisi wa kuokoteza ndio tunaambiwa tutupe! Shirika la Viwango Tanzania lidai hivyo hivyo, vya gundi viishie bandarini.

Nawe msomaji, ukiambiwa tupa, usifungue pochi. Mwambie muuzaji atoe betri, aizungushe mezani mbele yako.